Nilivyohama chuo cha bara kurudi Pemba: barua mbili za recommendation zilivyonitoa jasho

Wakuu, hamjambo humu ndani? Waislamu wenzangu Assalaam aleikum, na wengine wote heshima zenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Lakini siku hizi naona watu wengi wanauliza mambo ya kuhama chuo, na majibu yote ni ada, credit, na release letter. Hakuna anayegusia kitu kilichonisumbua mimi kuliko vyote.

Recommendation letter.

Nikasema leo na mimi nifungue uzi. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatunga wala sijatia chumvi. Majina nimebadilisha na vyuo sivitaji, maana wahusika ni watu wa mitandaoni na huenda wengine wamo humu wananisoma.

Vuteni viti.

Niiteni Hamad. Kwetu Gando, Wete, Pemba. Nilikuwa nasoma diploma ya ualimu wa sekondari, Fizikia na Kemia, kwenye chuo kimoja kule nyanda za juu kusini.

Baridi ya kule tuiache. Mtu wa Pemba nimevaa masweta mawili na bado meno yanagongana, wenzangu walikuwa wanakuja bwenini kunitazama tu na kuondoka.

Kimasomo sikuwa kipanga, sikuwa kilaza. Wa katikati. Nakaa safu ya katikati, napata alama za katikati, na mwalimu akiuliza swali nainamia daftari kama mtu anayetafuta kitu alichokiandika jana. Niliona ndiyo akili hiyo. Hakuna anayenijua, hakuna anayenisumbua.

Sasa ukafika msimu wa karafuu, na baba akaanguka.

Kwa wasiojua, mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hayana huruma. Mzee wangu, Mzee Faki, alishaambiwa na kila mtu kwamba umri wa kupanda umepita. Akapanda. Tawi likakatika, akaja nalo mpaka chini. Nyonga ikavunjika.

Alifanyiwa upasuaji, akatiwa chuma, akarudishwa nyumbani na maelekezo: alale, ageuzwe mara kwa mara, mguu ukipata nguvu aanze mazoezi ya kusimama.

Tatizo ni nani wa kumgeuza. Baba ni mtu wa kimo na mwili. Mama yangu, Bi Time, ukimuona sokoni utadhani ni mtoto wa skuli kavaa baibui. Dada yangu kaolewa kisiwani Fundo, ana watoto wadogo, anakuja anapoweza. Nyumbani wamebaki wawili tu.

Niliporudi likizo nilimkuta mama anatembea kaushika mgongo. Namuuliza, anasema hana kitu. Anainama kuwasha jiko, anainuka kwa vituo.

Sikuhitaji ushauri wa mtu. Nikaamua nahama chuo, nirudi nisome hapa hapa Pemba, niwe nalala nyumbani.

Nikamwambia baba. Akanitazama.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Nimeamua mwenyewe."

"Basi amua tena. Mie sikukwambia uje."

Akageuza uso ukutani. Mazungumzo yameisha.

Mjue tu kwamba mzee alishawatangazia watu wote barazani kuwa mwanawe anasomea bara. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa habari ya mguu kwa kifupi na habari ya chuo kwa kirefu. Kwake yeye, mimi kurudi ilikuwa ni kama ule mti umetuangusha wote wawili.

Mimi nikaenda zangu kwenye chuo cha huku Pemba kuulizia.

Pale ofisi ya usajili nikampata mama mmoja, tumwite Bi Salma. Miwani kwenye ncha ya pua, kalamu imechomekwa kwenye mtandio. Nikamueleza.

"Wahama bara, waja Pemba?" akauliza. "Wenzio wote wahama kwa kwenda huko."

Nikamwambia sababu. Akavua miwani.

"Mpe pole mzee. Sasa nisikilize." Akanitajia: matokeo yangu, release letter ya chuo ninachotoka, na barua mbili za recommendation kutoka kwa wakufunzi walionisomesha. Moja lazima iwe ya somo langu kuu. Vyote vifike kabla ya wiki ya usajili kwisha.

"Na zisipofika?"

"Utangoja mwakani."

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu za kichwa. Release letter nikishaichukua, kule bara sina nafasi tena. Na huku barua zisipofika, sijapokelewa. Ningebaki hewani mwaka mzima, na baba angepata sababu ya kunilaumu mpaka siku atakayosimama.

Somo langu kuu ni Fizikia. Na Fizikia kule chuoni ni Madam Tarimo.

Ntamfikia. Kwanza nianze na barua iliyoonekana rahisi.

Kemia nilifundishwa na Sir Ombeni. Huyu bwana ni mtu wa watu. Anacheka na kila mtu, anapiga picha na wanafunzi, mimi alikuwa ananiita "Karafuu" kila tukipishana kwenye korido. Nilimpigia nikiwa na uhakika wote wa dunia.

"Karafuu! Barua tu? Hiyo kesho unayo."

Kesho ikapita, na nyingine ikapita, nikamkumbusha kwa adabu. Siku moja asubuhi naona PDF imeingia kwenye wasap. Barua yenyewe nzuri, ina nembo, ina sahihi, ina muhuri. Kiingereza kimenyooka. Mimi nimesoma mistari ya juu tu nikaridhika, nikapanda gari hadi kwa Bi Salma, nikatoa kopi, nikamkabidhi huku natabasamu.

Bi Salma yeye alisoma yote. Akasoma, akashusha miwani, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akarudia kusoma.

"Neema ndo wewe?"

"Hapana Bi, mimi Hamad."

"Humu imeandikwa Neema ni binti mwenye nidhamu, na alikuwa kiongozi mzuri wa kwaya."

Wakuu, ofisi ilikuwa na watu. Kijana mmoja aliyekuwa anajaza fomu alilazimika kutoka nje kucheka. Mimi nimebaki nimeshika meza.

Jina langu lilikuwepo mstari wa kwanza tu. Kuanzia hapo kushuka chini alikuwa ni Neema na kwaya yake.

Bi Salma hakunifokea. Aliikunja ile barua akanirudishia. "Nenda ukalete yako wewe," akasema, na yeye mwenyewe nikaona bega linatikisika.

Nilimpigia Sir Ombeni nikiwa nimesimama pale pale nje. Akacheka mpaka akakohoa, akaomba radhi, halafu akanipa lile jibu ambalo wengi wenu mnalijua: "Sikiliza, andika mwenyewe utakavyo, nitumie, mimi nitasaini."

Utamu ulioje, sivyo? Ngoja sasa ukae uandike.

Kujisifia ni kazi ngumu wakuu. Niliandika "Hamad ni mwanafunzi mwenye bidii isiyo ya kawaida", nikaona aibu, nikafuta "isiyo ya kawaida". Nikaandika "ana uwezo mkubwa wa uongozi". Nimemuongoza nani? Hata mbuzi wa nyumbani hanifuati. Nikafuta. Nikaandika ni mbunifu, nikajiuliza mfano uko wapi, nikafuta.

Mama alikuwa anapepeta mchele pembeni. Nikamsomea nilichobakiza. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyo unayemuandikia, ni rafiki yako?"

Mwishowe niliandika mambo ya kweli tu. Kwamba nimehudhuria vipindi, kwamba maabara nilikuwa nafika mapema kupanga vifaa na nabaki kuosha. Hilo la maabara lilikuwa kweli, na Sir Ombeni mwenyewe aliniambia alikuwa kalisahau. Akaongezea sentensi yake moja kuhusu hilo, akasaini, safari hii akaituma moja kwa moja chuoni. Bi Salma akanipigia kusema imefika na haina Neema.

Ikabaki ya Madam Tarimo.

Huyu mama, wakuu, nimueleze vipi. Si mkali wa kupiga kelele. Yeye anakuuliza swali, ukikosea hasemi kitu, anasubiri. Darasa zima linasubiri naye. Unasikia feni. Mimi katika kozi yake nilijitahidi sana nisionekane, na nilifaulu mno.

Nilimwandikia ujumbe nikauandika upya mara nyingi, mrefu, wa heshima, na "shikamoo Madam" mbele na nyuma.

Jibu lake: "Hamad yupi?"

Nikajieleza. Namba ya usajili, mwaka, hata safu niliyokuwa nakaa.

Akajibu: "Nimeona alama zako. Zaidi ya hapo sikujui. Siwezi kumpendekeza mtu nisiyemjua. Nipigie jioni baada ya saa kumi."

Nilikaa na simu mkononi nikaona kila kitu kimekwisha. Na cha kuniuma zaidi ni kwamba hakuwa amenionea. Amesema ukweli mtupu. Mimi ndiye niliyekaa kule nikiona kutojulikana ni ujanja.

Saa kumi ilipopita nikapiga. Mtandao kwetu unashika vizuri chumbani kwa baba, karibu na dirisha, kwa hiyo nilisimama pale, baba kalala anajifanya hasikii.

"Kwa nini unahama?" Hakuna salamu ndefu. "Na usiniambie sababu za kifamilia. Kila anayenipigia ananiambia sababu za kifamilia."

Nikamwambia: "Madam, baba yangu kaanguka mkarafuuni kavunjika nyonga. Mama hawezi kumgeuza peke yake."

Akanyamaza. Nikajua kile kimya chake, ila hiki hakikuwa kile cha darasani.

"Pole," akasema. "Anaendelea vipi?"

Nikamwambia anaendelea, ila ni mbishi. Nikasikia kitanda kinalia nyuma yangu.

"Sasa sikia, Hamad. Barua yangu ikitoka inamwambia mtu kwamba huyu anaweza kufundisha. Mimi sikuwahi kukuona ukifundisha. Kwenye mazoezi ya kufundisha hukuwa kundi langu. Chukua mada yoyote ya Form Two, fundisha, rekodi video fupi, nitumie. Na uwe na mwanafunzi. Usinifundishie ukuta."

Simu ikakatwa.

Mwanafunzi sasa nimtoe wapi? Skuli zimefungwa, na msimu wa karafuu ukishika, Gando nzima iko mashambani au iko kwenye majamvi inaanika. Nikatoka nje namwambia mama tatizo langu. Hata hakuinua kichwa.

"Si baba yako huyo kalala? Hana kazi yoyote. Msomeshe yeye."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Fikirieni hali ilivyokuwa. Mtu pekee niliyempata awe mwanafunzi wangu ndiye mtu pekee ambaye hataki nipate hiyo barua. Akinikoroga pale kwenye video, kapata anachotaka, narudi bara.

Nikaingia, nikamwomba. Akatazama dari kwa muda mrefu.

"Mie siko skuli."

"Najua baba. Ni kidogo tu."

"Ntakusikiliza. Lakini nikifahamu ntasema nimefahamu, na nisipofahamu ntasema sijafahamu. Siongopi kwa ajili ya simu yako."

Tukakubaliana hivyo.

Mada nilichagua pressure, kwa Kiswahili kanieneo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua vizuri zaidi. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Nikavaa shati la chuo. Nikabandika karatasi kubwa ukutani. Nikabonyeza kitufe, nikaanza kama tulivyofundishwa.

"Good morning class. Today we are going to learn about pressure. Pressure is force per unit area..."

"Sijafahamu," baba akasema.

Sijamaliza hata sentensi.

Nikarudi kwenye Kiswahili. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo.

"Sijafahamu. Kani n'ni?"

"Nguvu, baba."

"Nguvu yagawanywa vipi? Ni mkate?"

Nilikuwa nimempa mgongo, naandika ukutani, na jasho limeanza kunitoka. Nikajisemea moyoni, huyu mzee ananifanyia makusudi. Nikageuka nimtazame. Na nilipomtazama vizuri nikaona hanifanyii makusudi. Alikuwa kakunja uso kwa bidii kabisa. Kweli hajafahamu, na alishaniambia hatanidanganya.

Nikaachana na ukuta. Nikaenda nikakaa kitandani kwake. Pale dirishani kulikuwa na makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, mama alikuwa kayaweka kwenye sahani kwa harufu. Nikachukua kimoja.

"Lete mkono baba."

Nikaweka kiganja changu juu ya kiganja chake nikakandamiza. "Unaumia?"

"Siumii."

Nikaweka ncha ya kikonyo pale pale, nikakandamiza vile vile.

"Aah! Wanichoma, we mtoto!"

"Nguvu ni ile ile. Sijaongeza. Kilichobadilika n'ni?"

Akautazama mkono wake. Akanyang'anya kile kikonyo akajichoma mwenyewe, halafu akajikandamiza na kiganja. Akarudia. Mimi kimya. Kwa mara ya kwanza nikajua Madam Tarimo alikuwa anafanya nini alipokuwa anasubiri.

"Mwanzo ilikuwa imetandaa," baba akasema. "Sasa imekusanyika pahala pamoja."

"Basi. Hiyo ndiyo kanieneo. Nguvu ikitandaa, inapungua makali. Ikikusanyika padogo, inauma."

Akakirudisha kile kikonyo kwenye sahani. Halafu, polepole, akauliza jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye mpango wangu.

"Ndo maana kisigino chaniuma?"

Nikashtuka. "Kisigino gani?"

"Hiki cha mguu mbovu. Chaniwaka tangu juzi."

Nikafunua shuka. Kisigino kilikuwa chekundu, ngozi imeanza kulainika. Mguu mzima, na uzito wake wote, ulikuwa umekaa pale padogo tu kwenye godoro, usiku na mchana. Na yeye kila tukija kumgeuza au kumwekea mto anasema mwacheni, yuko sawa, maana hakutaka mama ajitese mgongo wala mimi nijione nahitajika.

"Ndo maana mama anataka kukuwekea mto, baba. Mto ukikaa huku chini ya shavu la mguu, uzito unatandaa, na kisigino kinakaa hewani. Na ndo maana ya kukugeuza. Ngozi ikikandamizwa pahala pamoja, damu haipiti, inakufa."

Alinitazama. Sikumbuki lini mara ya mwisho baba alinitazama hivyo, kama mtu anayesikiliza.

"Mbona hamkuniambia hivyo?" akasema. "Mwasema tu geuka, geuka. Haya, nigeuzeni."

Nikamwita mama. Akaja mbio anadhani kuna kubaya. Tukamgeuza pamoja, yeye anaugua, mama anamkaripia kwamba si alisema haumwi popote, mimi nimeshika nyonga kwa mikono miwili kama nimeshika yai. Tukaweka mto.

"Nimefahamu sasa," baba akasema akiwa kaangalia upande wa pili.

Simu ilikuwa bado inarekodi.

Nilipoitazama ile video nilitamani kulia. Fupi haikuwa tena. Fomula sikuandika kabisa. Mwanzo nimempa mwanafunzi mgongo. Katikati kuna "we mtoto". Mwishoni hata sionekani, linaonekana baibui la mama na kelele za kitanda.

Nikarudi kwa baba. "Tunaweza kurudia kidogo?"

"Sirudii. Nishafahamu. Ukinisomesha tena ntakuwa naongopa."

Huyu mzee hakosi jibu. Nikaituma kama ilivyo, na ujumbe mfupi wa kuomba radhi.

Tiki za bluu zikaonekana jioni ile ile. Jibu hakuna. Siku ya pili, hakuna. Wiki ya usajili inakwenda zake, mimi kila simu ikilia naruka, kumbe ni mtandao unanipa ofa ya bando.

Jambo moja tu lilinituliza. Baba alikuwa anaita mwenyewe sasa. "Hamad! Wakati wa kugeuzwa." Na daktari alipokuja kukiona kile kisigino akasema tumewahi, tungechelewa kidogo kingefunguka kidonda.

Karibu na mwisho wa wiki, ujumbe wa Madam ukaingia. Mrefu. Nikaufungulia uani.

Ulianza hivi: "Hukuandika fomula. Umefundisha ukiwa umempa mwanafunzi mgongo mpaka alipolalamika. Kuna mahali umesema uzito ukimaanisha kanieneo, rekebisha. Umeanza na Kiingereza kwa mtu ambaye hukuuliza anajua lugha gani."

Nikaona basi, ndiyo imekwisha hiyo.

Mstari wa mwisho: "Barua nimeituma chuoni kwenu leo asubuhi. Mpe mzee pole. Kisigino kinaendeleaje?"

Sikumaliza kusoma vizuri, tayari nilikuwa natafuta viatu.

Nilimkuta Bi Salma ofisini kwake. Barua alikuwa kaitoa, iko mezani, kaweka mkono juu yake. "Hii ni siri ya ofisi, sikupi," akasema. "Lakini kuna pahala ntakusomea, maana nimeisoma mara mbili."

Ilikuwa ya Kiingereza, nawaletea kwa namna nilivyoielewa. Madam aliandika kwamba nimesoma kwake na anakiri hakunijua. Kwamba alama zangu ni za wastani na zinanistahili. Halafu:

"Nimemwona akimfundisha mtu mzima aliye kwenye maumivu na asiye na hamu yoyote ya kujifunza. Alipoona njia yake haipiti, aliiacha pale pale akatafuta nyingine. Wengi tunaowapa vyeti hawawezi kufanya hivyo. Mpokeeni."

Bi Salma akavaa miwani yake, akachukua muhuri. "Jumatatu uje," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba macho. Nikamwambia nimepokelewa. Nilijiandaa kwa ugomvi.

Akavuta shuka lake vizuri. Kisha: "Huyo Madamu wako, mie kanisema n'ni?"

"Kasema huna hamu yoyote ya kujifunza."

Akafikiri. "Kasema kweli." Kisha akamwita mama. "Bi Time! Mpigie pasi shati lake. Mwanao Jumatatu aenda chuo."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa. Nyingine sikuhitaji.

Sasa wakuu, nilichojifunza. Sisemi kila mtu apitie niliyopitia. Lakini kama uko chuoni na unasoma hapa, nenda wiki hii kwa mwalimu mmoja tu, muulize swali la kweli, akujue jina na sura. Usisubiri siku ya shida ndiyo uanze kujitambulisha kwa safu uliyokuwa unakaa. Barua ikija, isome mpaka mwisho kabla hujaipeleka popote, nawaomba sana. Ukiambiwa andika mwenyewe, andika ulichofanya kweli, ukijipamba utaona aibu hata mbele ya mama yako. Na yule mwalimu anayekuchekea si lazima ndiye atakayekubeba, na yule unayemkimbia huenda anangoja tu umpe sababu ya kukujua.

Mimi sasa nakaribia kumaliza. Baba anatembea na kigongo cha chuma, anafika barazani mwenyewe. Darasani nakaa mbele, na nauliza mpaka wenzangu wananichoka.

Na mwezi uliopita Madam Tarimo aliniandikia kuomba ruhusa. Anataka kuionyesha ile video kwa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, wajifunze. Nikamwambia mimi sina neno, ila mwenye mamlaka ni mwanafunzi niliyemfundisha.

Nikamuuliza baba. Akasema wataonyeshwa akiwa kavaa kikoi tu? Nikamwambia ndivyo ilivyo video. Akafikiri sana, akakubali kwa sharti moja: watajiwe jina lake na kwao.

Madam katimiza. Kwa hiyo kule bara, chuo ambacho mimi nilisoma na hakuna aliyenijua, hivi sasa kuna darasa zima linalomjua Mzee Faki wa Gando.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyehama chuo atuambie alizipataje barua zake, na kama kuna Neema mwenye kwaya humu ndani, dada yangu, barua yako ilikuwa nzuri sana, naamini ulipokelewa popote ulipoipeleka.